Nusu Siku ya Muhuri

“Vifungo vyote, baba. Huyu hashindani na tai.”

Muuguzi alisema hivyo bila kumtazama. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Mwanamume alisimama kando ya kiti cha plastiki, shati limefunguka nusu, tai imetupwa begani. Alivaa nguo za kazini tangu alfajiri ili asichelewe, na sasa aliuona ujinga wake: mtu haji kumpa mwanawe joto akiwa amejifunga kama bahasha.

Akafungua vyote. Akakaa. Mtoto akalazwa kifuani pake, magoti yamekunjwa kama ya chura, kofia ya sufi kichwani, nepi kubwa kuliko mwenyewe. Kilo moja na gramu mia sita. Muuguzi akawazungushia wote wawili kitambaa kipana, akakaza fundo mgongoni.

“Ngozi kwa ngozi,” alisema. “Dawa yake ndiyo hii. Mashine ya joto tunayo moja, na wanaoihitaji ni watatu. Mama yake atakuwa naye asubuhi. Lakini daktari amesema mchana mama alale, presha yake bado inapanda ngazi. Mchana ni wako.”

“Kwa siku ngapi?”

“Siku?” Muuguzi alicheka kwa pua. “Baba, hesabu kwa wiki. Sita, saba. Huyu ana safari.”

Kazini walimwita Muhuri. Kwa miaka kumi na sita alikuwa karani wa ofisi ya mawakili, na kazi yake ilikuwa kuzipeleka nyaraka mahakamani zikagongwe muhuri, kuzirudisha, kuzipanga, kuzipa namba, kuzitoboa matundu na kuzifunga kwa uzi. Wakili anaweza kuwa na ulimi wa asali, lakini hati isiyo na muhuri wa masijala ni karatasi ya kufungia karanga tu. Yeye alilijua hilo kuliko mawakili wenyewe.

Ndoa yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye na mkewe walizoea kuulizwa habari za mtoto, kisha wakazoea kutoulizwa, na hilo la pili ndilo lililouma zaidi. Halafu, pale walipokwisha kukata tamaa kimyakimya, kila mmoja kwa upande wake, mimba ikaingia. Mtoto akaja wiki nane kabla ya wakati, siku ambayo miguu ya mkewe ilivimba na macho yake yakaona nyota mchana kweupe. Walimpasua haraka. Siku za likizo ya baba zilikwisha kabla mtoto hajafumbua macho sawasawa. Muhuri akaongeza zile za likizo ya mwaka, nazo zikayeyuka. Shemeji yake aliyekuja kusaidia, akimbeba mtoto kifuani mchana, alirudi kwake, maana naye ana wanawe. Leo ilikuwa Jumatatu, na Muhuri alitakiwa kazini.

Saa moja na nusu mkewe aliingia akishika ukuta, hatua fupifupi, mkono mmoja tumboni juu ya mshono.

“Nipe zamu yangu,” alisema. Muuguzi alipokuwa akimhamisha mtoto, mkewe akaongeza: “Zungumza nao, baba. Usiende kumeza maneno kama ulivyozoea.”

“Nitazungumza.”

“Leo.”

“Leo.”

“Unasema leo kama mtu anayesema kesho.”

Muhuri alicheka, akafunga vifungo vyake, na kimoja kikaingia tundu la jirani yake. Hakukigundua mpaka alipofika kazini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu: vyumba vitano na korido iliyobanwa na makabati ya mafaili pande zote mbili, hata mtu mnene hupita kwa ubavu. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa miaka sitini kasoro, mwembamba, mwenye sauti ambayo mahakimu waliiheshimu na watumishi waliisikia hata mlango ukiwa umefungwa. Wote walimwita Mama Wakili. Hakuwa mkatili. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kuchelewa, na watu wa namna hiyo hudhani saa za wote zimetoka kiwanda kimoja.

Juma hilo ofisi nzima ilikuwa na shauri moja kinywani. Fundi wa maabara, mama wa mtoto wa miezi minne, alirudi kutoka likizo ya uzazi akamwomba mwajiri wake ampunguzie saa za kazi. Alichopewa ni barua ya kuachishwa. Mama Wakili ndiye aliyemtetea, na shauri lingesikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Muhuri alitakiwa kuandaa majalada matatu yanayofanana: la hakimu, la upande wa pili, na la kwao.

Alianza kuzipa kurasa namba, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino. Alipofika kwenye hoja za maandishi za bosi wake, kurasa thelathini na moja, mkono ukapunguza mwendo. Kwa kawaida hakusoma. Karani anayesoma kila anachokifunga, alipenda kusema, hafungi kitu. Lakini siku hiyo alisoma. Alisoma habari za mzazi na mtoto na saa na mwajiri, na kila aya ilimpiga kikumbo kama mtu anayemfahamu.

Dada wa mapokezi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya nakala, akivuta karatasi iliyokwama.

“Nataka kumwomba Mama nusu siku,” Muhuri alimwambia. “Asubuhi nije, saa saba nitoke. Kwa wiki sita, saba.”

Dada aliinua kichwa. “Kaka Muhuri, una homa?”

“Shauri lenyewe si ndilo hili tunalolishona hapa?”

“Kinyozi hajinyoi, kaka. Umemsahau yule wakili binti?”

Hakumsahau. Miaka miwili nyuma wakili kijana mwenye mapacha aliomba kufanya kazi siku tatu kwa juma. Mama Wakili alimjibu palepale kwenye korido, watu wakisikia: sheria haifanyi kazi nusu siku. Mwisho wa mwezi binti alifungasha vitabu vyake, na Muhuri ndiye aliyembebea boksi hadi barabarani. Ngazi zote zile hawakusemezana.

“Na yule alikuwa na shahada ukutani,” dada alisema, akiichomoa karatasi, nyeusi tii kwa wino. “Wewe na mimi tuna nini ukutani? Kalenda.”

Hata hivyo aliandika. Wakati wengine wametoka kula, alikaa mbele ya kompyuta akatazama ukurasa mweupe. Maisha yake yote alikuwa amepeleka maombi ya watu. La kwake hakuwahi kuliandika. Vidole vilijua namna moja tu, vikaandika hiyo: Mwombaji ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kisha aya zenye namba. Kisha vielelezo: A, cheti cha daktari, B, kadi ya uzito wa mtoto, C, ratiba ya kazi zote za mchana na nani angezifanya. Zikatoka kurasa nne. Alizitoboa, akazifunga kwa uzi kwa sababu stepla ilionekana kama dharau, akaziweka juu kabisa kwenye trei ya Mama Wakili. Hadi jioni zilikuwa chini ya rundo la karatasi lenye unene wa tofali.

Jumanne hakuna aliyesema neno. Alipita mbele ya mlango wa bosi mara saba, na kila mara ulimi wake uliingia ndani kama kichwa cha kobe.

“Barua iko mezani pake,” alimwambia mkewe jioni.

“Barua haina mdomo,” mkewe akajibu, akageukia ukuta. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na kwa Muhuri hilo lilikuwa zito zaidi.

Mchana wa siku hizo mbili mtoto alirudishwa kwenye mashine ya joto, akabanana na wenzake wawili. Jumatano asubuhi kadi ilisema amepungua gramu sitini tangu Jumapili.

“Gramu sitini,” Muhuri alisema. “Ni nyingi?”

“Kwako ni vijiko kadhaa vya sukari,” muuguzi alisema. Hakucheka safari hii. “Kwake ni akiba.”

Siku hiyo hiyo, saa nane na robo, simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa chini sakafuni kwenye korido, akipitisha uzi kwenye jalada la tatu, nyaraka halisi zimepangwa mbele yake tayari kulinganishwa na nakala.

“Baba, ni mimi wa wodini. Mtoto amepoa. Amesahau kupumua mara mbili. Nikimgusa unyayo anakumbuka, lakini mashine imejaa, na mama yake presha imepanda, nimemkataza kushuka kitandani. Unaweza kuja?”

“Nakuja,” alisema, kabla hata hajafikiri.

Mlango wa Mama Wakili ulikuwa umefungwa. Alikuwa na wateja, na alishaonya kwamba asigongewe. Muhuri aliutazama mlango ule. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kutoka ofisini bila ruhusa, hata siku aliyozikwa mjomba wake. Alikusanya karatasi zilizokuwa sakafuni, akazisukuma ndani ya begi lake, kwa sababu mikono yake haikujua kuacha karatasi chini, akatembea hadi mapokezi.

“Mwambie nimekwenda kwa mwanangu.”

“Nimwambie utarudi saa ngapi?”

“Hilo usimwambie.”

Mtoto alikuwa wa baridi kama kijiko. Muhuri alitundika shati kwenye msumari karibu na sinki, akakaa, na muuguzi alipokaza kitambaa aliuhisi ubaridi ule mdogo ukimwingia kwenye mfupa wa kifua. Mgongo wa mtoto ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Ukatulia.

“Gusa unyayo,” muuguzi alisema.

Akagusa. Ukapanda.

“Pumua, mama,” alimnong’oneza. “Pumua, mama yangu.”

Alitaka kumwimbia, na hakupata wimbo hata mmoja. Kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu kilichopangika, nacho akakitoa, taratibu, mdomo karibu na kofia ya sufi: kielelezo cha kwanza, mkataba wa ajira, ukurasa wa arobaini. Kielelezo cha pili, cheti cha kuzaliwa mtoto, ukurasa wa hamsini na tatu. Kielelezo cha tatu. Kielelezo cha nne. Alipofika cha kumi na mbili alirudi mwanzo. Mgongo ulipanda na kushuka. Mara moja ulisita, akagusa unyayo, ukaendelea. Baadaye haukusita tena. Kitu kama joto la kikombe cha chai kilianza kuenea baina yao, na hakujua ni la nani, lake au la mtoto. Saa tisa na nusu muuguzi alikuja na kipima joto, akakisoma, akakisoma tena, akasema, “Haya. Amerudi,” akaenda zake kama mtu aliyetangaza kwamba mvua imekatika.

Muhuri alifumba macho.

Alipoyafumbua tena ilikuwa imekaribia saa kumi, na Mama Wakili alikuwa amesimama mlangoni. Walikuwa wamemvika koti la kijani la hospitali na ndara za plastiki zinazompwaya. Bila viatu vyake virefu alikuwa mfupi kuliko Muhuri alivyowahi kudhani.

“Muhuri.”

Mwili ulitaka kuinuka wenyewe, kwa mazoea.

“Baba, kaa!” muuguzi alisema kutoka upande wa pili wa chumba. Akakaa.

“Nisamehe, Mama. Sikukusudia…”

“Nimepiga simu mara kumi na moja! Nyaraka halisi hazipo, shauri ni kesho, nimefungua makabati yote—”

“Mama, sauti,” muuguzi alisema. “Wateja wetu wamelala.”

Mama Wakili, ambaye kwa miaka thelathini hakuna hakimu aliyemwambia ashushe sauti, akaishusha. Aliliona begi miguuni pa Muhuri. Akachutama, akalifungua, akapekua. Karatasi zote zilikuwemo, zimepangwa, hata katika haraka ile.

Angeweza kuondoka. Lakini kesho ilikuwa karibu, na wasiwasi wa kazi ni ugonjwa.

“Ile barua ya mwajiri yenye tarehe mbili siioni,” alisema, sasa kwa mnong’ono.

“Kielelezo cha tano, Mama. Ukurasa wa tisini na nane. Nyuma yake nimeweka bahasha, maana tarehe ya kweli ni ile ya muhuri wa posta.”

Akaipata. Akaitazama bahasha kwa muda, akaguna kwa kuridhika. “Na ile sentensi yangu kuhusu utaratibu? Nataka kuanzia hapo kesho. Sikumbuki niliiweka wapi.”

Muhuri alifumba macho kidogo, kama anavyofanya masijala anapoulizwa namba ya shauri la zamani.

“Ukurasa wa kumi na saba, aya ya tatu. ‘Mzazi asilazimike kuomba huruma mahali ambapo utaratibu ungetosha.’”

Aliisema kama anavyosema namba yoyote ya ukurasa. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipoyasikia. Akainamisha kichwa, asijue kama anaona haya au la, mtu mzima kifua wazi mbele ya bosi wake. Mama Wakili alibaki amechutama, jalada mikononi. Mashine ya joto ikalia mlio wake mdogo, ikanyamaza. Mwishowe aliinuka, akavuta kiti kingine cha plastiki, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama mtoto.

“Ana uzito gani?”

“Kilo moja, gramu mia tano na arobaini. Jumapili alikuwa mia sita.”

“Tangu Jumapili.”

“Tangu nirudi kazini, Mama.”

“Na hukuniambia.”

“Niliandika. Barua iko kwenye trei yako tangu Jumatatu.”

Mama Wakili alikunja uso, akiitafuta akilini. “Ile yenye vielelezo A, B, C? Iliyofungwa kwa uzi?”

“Ndiyo hiyo.”

“Niliona ‘Mwombaji ni mtu mzima mwenye akili timamu’ nikadhani ni kiapo cha mteja. Nikaiweka kwenye rundo la kusubiri.”

Muhuri alijaribu kuzuia kicheko, na kwa kuwa kifua chake sasa kilikuwa kitanda cha mtu, mtoto alitikisika mwili mzima. Mama Wakili aliona kofia ya sufi ikirukaruka, na pembe ya mdomo wake ikalegea.

“Basi naomba kwa mdomo,” Muhuri alisema. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. “Nije saa mbili, nitoke saa saba. Mpaka afike kilo mbili na nusu. Masijala hufunga saa nane, kwa hiyo vya kugongwa muhuri vyote nitavimaliza asubuhi. Dada wa mapokezi nitamfundisha kupanga majalada, ana akili kuliko mimi. Na simu nitapokea.”

“Hivi ulivyokuwa unapokea leo?”

“Leo simu ilikuwa mfukoni mwa shati, Mama. Na shati liko pale.”

Waliligeukia shati wote wawili, likining’inia msumarini.

“Mshahara utapungua,” Mama Wakili alisema.

“Tumelizungumza na mke wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.”

“Usiniite shari, Muhuri.”

“Sikukusudia wewe, Mama.”

Mama Wakili alivuta uzi uliochomoza kwenye koti la hospitali. Kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo Muhuri hakuwahi kuisikia, ya mtu asiye na hakimu mbele yake.

“Mwanangu wa kwanza, nilirudi mahakamani siku ya kumi na tisa. Joho jeusi lina faida yake. Maziwa yakimwagika hayaonekani. Nilisimama saa mbili nzima nikihoji shahidi, nimelowa mpaka kiunoni, na nikashinda.” Alitikisa kichwa. “Nimejivunia siku ile miaka thelathini. Yule binti wa mapacha aliponijia, nilimwona anaomba kile ambacho mimi sikukiomba.” Hakumalizia. Muhuri hakumsaidia kumalizia.

“Sitakupa ruhusa,” alisema.

Moyo wa Muhuri ulishuka mzima, na labda mtoto aliusikia, maana alijikunyata.

“Ruhusa ni yangu. Nikiamka vibaya kesho kutwa nitaichukua. Nitaandika utaratibu. Wa ofisi nzima, kuanzia mapokezi hadi mawakili, mwenye mtoto na mwenye mgonjwa. Saa pungufu, kwa muda gani, na mtu anarudi vipi kwenye nafasi yake. Wenzangu watapiga kelele, wapige. Wewe anza kesho. Saa saba uwe huku.”

“Kesho kuna shauri.”

“Shauri ni saa tatu. Saa saba unatoka, hata kama hakimu yuko katikati ya sentensi.”

Alilichukua begi, akainuka. Aliinama karibu na kofia ya sufi, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo ukutani na kukatazwa kuligusa. Mlangoni akageuka.

“Namba ya yule wakili binti bado unayo?”

“Ninayo, Mama.”

“Nitumie jioni. Sasa hivi mikono yako ina kazi.”

Akatoka. Baada ya kitambo muuguzi alichungulia dirishani, akapiga kelele yeye mwenyewe, akiwasahau wateja wote waliolala: “Mama! Ndara zetu!”

Jioni, mtoto alipokuwa amelala na muuguzi wa zamu kumchukua, Muhuri alipanda ngazi hadi wodi ya mkewe. Alimkuta macho wazi, anatazama dari.

“Umesema?”

“Nimesema.”

“Wakasemaje?”

Alitaka kumweleza yote, koti la kijani, ukurasa wa kumi na saba, ndara. Akaona maneno ni mengi na mwanamke amesubiri siku tatu.

“Saa saba,” alisema. “Kila siku. Kuanzia kesho.”

Mkewe alifunika macho kwa mkono. Kifua chake kilipanda juu, juu sana, kikakaa huko, kisha kikashuka kwa pumzi ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo kichwani baada ya mlima. Muuguzi wa wodi alipompima presha kabla ya chakula cha jioni, alipima mara mbili, akauliza umekunywa nini.

Alhamisi mahakamani, saa saba ilipogonga, wakili wa upande wa pili alikuwa amesimama, kidole hewani. Mama Wakili hakugeuka. Aligonga tu kioo cha saa yake kwa ukucha mara mbili. Muhuri alimsogezea dada wa mapokezi, aliyekuja kushika nafasi yake, jalada la tatu, akamwonyesha kwa kidole palipofikiwa, akatoka kinyumenyume huku akimwinamia hakimu, akakanyaga mguu wa askari wa mlangoni na kumwomba radhi.

Hukumu ilichukua wiki tano kutoka. Fundi wa maabara alirudishwa kazini kwa saa alizoziomba. Utaratibu wa ofisi ulitangulia hukumu. Ulikuwa kurasa mbili, na Muhuri mwenyewe ndiye aliyezipa namba. Mshirika mmoja wa ofisi alilalamika kwamba kesho watu watataka likizo ya kulea paka. “Paka akizaliwa na kilo moja na nusu,” Mama Wakili alisema, “mwenye paka alete cheti.” Yule wakili binti alipopigiwa simu hakukimbilia kukubali. Alisema apelekewe utaratibu kwanza, ulioandikwa na kutiwa sahihi, ausome. Aliusoma, akarekebisha koma moja, akarudi kwa siku tatu.

Muhuri alichelewa kuizoea saa saba. Alikuwa hajawahi kuuona mtaa ule katika saa hiyo siku ya kazi. Mwuza viatu wa chini alikuwa akila amekaa kwenye boksi, mlango nusu. Watoto wa shule walipita wamevua soksi. Jua lilisimama katikati ya barabara halina pa kwenda. Siku za kwanza alitembea haraka, akitazama nyuma kama mtu aliyeiba. Juma la pili alianza kutembea tu.

Wiki ya sita walimruhusu mtoto nyumbani. Kilo mbili na gramu mia moja, shingo bado nyepesi kama ya ndege, lakini sauti, alisema muuguzi akiwakabidhi, ya wakili. Kilo mbili na nusu ilikuwa bado mbele, na ratiba haikubadilika. Asubuhi mama, mchana baba.

Alasiri moja mkewe alilala chumbani, mlango wazi, usingizi mzito wa mchana ambao mwanzoni alikuwa akiuonea aibu. Muhuri alikaa dirishani, shati limefunguka, mtoto kifuani. Simu ikatetemeka, dada wa mapokezi aliuliza faili la mgogoro wa ukuta liko kabati gani. “La tatu, chini, mgongo wa kijani,” alinong’ona. “Na mtoto?” “Anakusikiliza.” Akaiweka simu mbali.

Mkono wa mtoto ukachomoka kwenye kitambaa. Ulikuwa mdogo kama jani la mchaichai lililokunjwa, na ulipofunguka ulitambaa juu ya ngozi yake, kidogo, ukasimama, ukatambaa tena kuelekea mfupa wa bega, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Muhuri hakusogea. Uani kwa jirani mwanamke alikuwa akianua nguo, upepo umeanza, na shuka moja jeupe lilimkatalia kukunjwa. Kila alipolishika pembe mbili, lilijaa hewa, likamfunika, na kutoka ndani yake, peke yake, alikuwa akicheka.